Sensa ya sukari kwenye rola kosta: simu ya mtoto iachwe kabatini?

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi.

Binti yetu ana miaka tisa, uzito wake ni kilo 30, na ana kisukari cha aina ya kwanza. Anavaa sensa ya sukari nyuma ya mkono inayotuma namba kwenye simu yake, pamoja na pampu ya insulini yenye mrija inayowasiliana na sensa hiyo. Mimi na baba yake tunaona namba zake kwenye simu zetu kwa njia ya intaneti. Nyumbani na shuleni tumeshazoea, hatuna shida.

Likizo hii tunakwenda kwenye bustani kubwa ya burudani, yenye rola kosta, mnara wa kudondoka na michezo ya maji. Shangazi yake na wanawe watakuwa nasi. Nina wasiwasi kwa sababu tulipompeleka kwenye bembea za maonyesho, kengele ya sukari ya chini ililia mara tu aliposhuka kwenye kiti. Tukampa pakiti nzima ya juisi, kumbe sukari haikuwa imeshuka. Hadi jioni alikuwa amefika 17 (mmol/L). Baadaye sensa yenyewe ikabanduka kwenye maji.

Baba yake anasema safari hii simu ya mtoto ikae kwenye kabati la kukodi isije ikadondoka, kwa kuwa pampu inajiendesha. Mimi moyo wangu unasita. Binti naye hataki kuchomwa kidole mbele ya binamu zake. Tufanyeje na simu, pampu, sensa na hilo joto la kushinda juani?

Mama Nuru

JIBU

Mama Nuru, tuanze na lile linalowatofautisha wewe na Baba Nuru, maana likikosewa hilo, mengine yote hayatawasaidia. Simu haiachwi kabatini.

Sensa iliyo mkononi haina sauti. Kazi yake ni kupima na kurusha namba kwa Bluetooth, na umbali wake ni mfupi: Dexcom G6 na FreeStyle Libre 2 hufika kama mita 6, Dexcom G7 na Libre 3 hufika kama mita 10. Hizo ni mita za mahali peupe, pasipo kitu katikati. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji humeza mawimbi hayo, kwa hiyo kwenye foleni iliyobanana simu inaweza kumkosa mtoto aliye hatua chache tu kutoka kwako. Simu yake ndiyo inayopiga kengele, na ndiyo inayopandisha namba kwenye intaneti ili ninyi mzione. Simu zenu hazisomi sensa, zinasoma simu yake. Ikikaa kabatini, mtakachokuwa mnakitazama ni namba ya zamani au vistari.

Hoja ya Baba Nuru kwamba pampu inajiendesha ni kweli nusu. Pampu nyingi za namna hiyo huzungumza na sensa moja kwa moja bila kupitia simu, na sukari ikielekea chini hupunguza insulini au kuisimamisha. Lakini pampu haina uwezo wa kumpa mtoto sukari. Insulini iliyoingia mwilini saa moja iliyopita itaendelea kufanya kazi hata pampu ikisimama sasa hivi. Na pampu ikivuliwa kwa ajili ya mchezo, hapo haijiendeshi tena.

Hofu yake ya simu kudondoka nayo ina msingi, ila dawa yake ni mtu, siyo kabati. Kila mchezo wa kasi, mtu mzima mmoja hapandi. Yeye ndiye mwenye zamu: anashika simu ya mtoto, pampu na mkoba wa dawa, na anasimama mlango wa kutokea, siyo wa kuingilia. Kwa zile dakika mbili tatu za juu, simu itapoteza sensa, na hilo si tatizo. Sensa huhifadhi namba na kuzijaza kwenye grafu ikikutana tena na simu. G6 hukumbuka hadi saa 3 za nyuma, G7 hadi saa 24. Kinachokosekana katika muda huo ni kengele. Grafu iliyojazwa baadaye itakueleza kilichotokea, lakini haitakuwa imekuita kilipokuwa kikitokea. Kukosa kengele kwa dakika tatu kunavumilika. Kuikosa kutwa nzima ndiko kunakofanya safari iishie hospitali.

Bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda na mtoto, mwingine anasubiri, kisha wanabadilishana bila aliyebaki kupanga foleni upya. Ulizeni mapema. Na zamu itajwe kwa sauti inapobadilika: "Kuanzia sasa simu na mkoba viko kwa shangazi." Watu wazima watatu wakiwa pamoja bila kutaja zamu, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Shangazi naye aunganishwe kwenye programu ya kufuatilia namba kabla ya safari. Ya Dexcom hupokea hadi wafuatiliaji 10, ya Libre hadi 20, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini msiitegemee peke yake. Maelfu ya watu wakikusanyika sehemu moja, mtandao wa simu hulemewa, na namba huchelewa au hukatika. Mkisafiri nje ya nchi, hakikisheni simu ya mtoto ina data inayofanya kazi kule, si simu zenu tu.

Simu yenyewe iandaliwe. Zima hali ya kuokoa betri, kwa sababu huzima programu zinazofanya kazi chinichini. Mkishuka kwenye ndege, tazama kama Bluetooth imewaka, maana kuna simu zinazoizima pamoja na mtandao. Usikubali simu isasishe mfumo wake katika wiki ya safari. Mara kwa mara programu za sensa hugoma baada ya hapo, na hutaki kuligundua hilo getini. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha kutwa nzima. Ni kama Wh 37, chini ya kikomo cha Wh 100 cha mashirika ya ndege, lakini isafiri kwenye mzigo wa mkononi. Na simu isikae juani: Apple, kwa mfano, huelekeza iPhone itumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35, na simu iliyopata moto kupita kiasi hujifungia na kukuonyesha onyo badala ya sukari ya mtoto.

Sasa ile kengele iliyowapoteza. Maelezo yako yanaonyesha sensa ilibanwa. Sensa haipimi damu. Inapima majimaji yaliyo kati ya chembe chini ya ngozi. Pahali hapo pakikandamizwa na kiti, na ule mkanda wa chuma wa mabegani, au hata mtoto akilalia mkono kwenye gari, majimaji hayo husukumwa pembeni na sensa husoma chini kuliko ukweli. Ukitazama grafu utaitambua: mstari uliokuwa umetulia unadondoka ghafla kama umekatwa, mtoto hana dalili yoyote, na mkandamizo ukiondoka namba hurudi yenyewe, mara nyingi ndani ya robo saa au zaidi kidogo. Sukari inayoshuka kweli huacha mteremko, na mshale unaoelekea chini hutangulia kengele.

Kuna na jambo la pili, kuchelewa. Majimaji hayo huifuata damu kwa dakika 5 hadi 10 hivi, na sukari ikibadilika kwa kasi, hata zaidi. Mtoto anayekimbia huku na huko anaweza kuwa na 3.5 kwenye damu huku skrini ikisema 4.6. Ndiyo maana kwenye siku ya namna hii mshale una uzito kuliko namba, na ndiyo maana glukomita, kile kipimo cha damu ya kidole, haibaki hotelini. Mchome kidole kengele inapolia bila dalili, dalili zinapokuja bila kengele, na dakika 15 baada ya kumpa sukari, kwa sababu sensa itaendelea kuonyesha kushuka hata damu ikiwa imeshapanda. Wengi humpa mtoto sukari mara ya pili hapo, na nusu ya zile 17 za jioni huzaliwa hapo.

Kidole chenyewe kina mtego wake. Mikono iliyoshika peremende, tunda au pamba ya sukari hubaki na sukari isiyoonekana, na tone la damu likipita juu yake glukomita itasoma juu sana. Mnawishe kwa maji na umkaushe. Maji yasipokuwepo, futa tone la kwanza kwa kitambaa safi, kamua la pili, pima hilo. Kwenye foleni tembea na chupa ndogo ya maji kwa kazi hiyo tu. Jeli ya kuulia vijidudu si mbadala, maana haiondoi sukari kwenye ngozi.

Ikiwa kengele imelia na hamna namna ya kupima papo hapo, mhesabu kwamba imeshuka na mumtibu. Ila kwa kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari cha watoto unaelekeza gramu 0.3 za glukosi kwa kila kilo ya uzito sukari inapokuwa chini ya 3.9 (mg/dL 70). Kwa kilo 30 ni gramu 9. Vidonge vya glukosi huwa na gramu 4 hivi kila kimoja, kwa hiyo viwili vinatosha kuanzia. Pakiti ya juisi ya mililita 200 mara nyingi ina gramu 20 au zaidi. Mlimpa dozi mbili kwa tatizo ambalo halikuwepo. Kwa mtoto anayetumia pampu inayojirekebisha, ambayo huenda ilishasimamisha insulini yenyewe, daktari wake anaweza kuwapa kiasi kidogo zaidi ya hapo. Chokoleti iacheni: mafuta yake huchelewesha sukari, na juani itayeyukia mkobani.

Vidonge viwili au vitatu vikae mfukoni mwa mtoto mwenyewe, mfuko wenye zipu. Michezo hii husimama njiani mara nyingine kwa sababu za usalama, na mtoto akikwama juu kwa dakika ishirini mkoba wako wa chini haumfai kitu. Afundishwe: ukitetemeka au ukihisi vile unavyohisi sukari ikishuka, tafuna, usisubiri mtu.

Pampu kwenye rola kosta ivuliwe. Tandem, kwa mfano, wanaelekeza pampu yao itolewe kabla ya michezo ya kasi na ya kudondoka, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ya urefu na mvutano yanaweza kuvuruga utoaji wa insulini. Zaidi ya hapo, rola kosta zinazorushwa kwa kasi kutoka kituoni hutumia mota za sumaku, na minara mingi ya kudondoka hufunga breki kwa sumaku zenye nguvu, na vitabu vya pampu huonya dhidi ya sumaku za aina hiyo. Michezo ya taratibu, treni ndogo na farasi wa kuzunguka haina haja ya kuvua chochote. Kama siku moja mtahamia pampu ya kubandika isiyo na mrija, hiyo haivuliwi na kurudishwa, kwa hiyo fuateni kitabu chake.

Namna ya kuvua ni hii, na hatua ya kwanza ndiyo inayosahaulika. Kabla ya kuchomoa mrija, simamisha utoaji kwenye pampu yenyewe. Ukichomoa tu bila kusimamisha, pampu itaendelea kudondoshea insulini hewani huku ikihesabu kwamba imeingia mwilini, na hesabu zake za saa zinazofuata zitakuwa za uongo. Kisha chomoa, funika kanula (kijimrija kinachobaki mwilini) kwa kifuniko chake, na pampu iingie mfukoni kwa mwenye zamu, kivulini. Mtoto akishuka, tazama mrija kama una viputo vya hewa, visukume nje ukiwa bado hujaunganisha, unganisha, kisha washa utoaji. Hilo la kuwasha litajeni kwa sauti pia. Pampu iliyounganishwa lakini haijawashwa inatulia kiunoni kama kawaida, huwezi kuijua kwa macho.

Mtoto wa pampu hana insulini ya muda mrefu mwilini, hivyo muda wa kuvua usizidi saa moja kwa mkupuo bila ushauri wa daktari. Mchezo ni dakika tatu, sawa, lakini vueni mwishoni mwa foleni, kwenye kona ya mwisho kabla ya kupanda, siyo mnapoingia foleni ya dakika tisini. Mchana wa michezo ya maji ni habari nyingine kabisa. Hapo pampu inaweza kukaa nje muda mrefu, kwa hiyo kila baada ya saa moja atoke, aunganishwe, apimwe, apewe insulini iliyokosekana kwa mpango wa daktari. Mkiona sukari imepita 13.9 (mg/dL 250) na haishuki, pimeni ketoni za damu, yaani asidi zinazojengeka mwilini insulini ikikosekana. Chini ya 0.6 ni kawaida. Zikifika 1.5 mpe insulini kwa sindano au kalamu, siyo kwa pampu, mbadilishe kanula na mrija, na mpigie daktari. Zikifika 3.0, au akianza kutapika, ni hospitali.

Sensa kubanduka kunazuilika, na kazi inaanza kabla ya safari. Ibadilisheni siku mbili kabla ya kuingia bustanini, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Kuna muda wa kuamka (G7 dakika 30, Libre saa moja, G6 saa mbili), na zaidi ya huo, siku ya kwanza ya sensa yoyote namba huyumba. Ngozi ioshwe kwa sabuni isiyo na mafuta, ipanguswe kwa spiriti, iachwe ikauke kabisa. Kukauka kabisa ndiko kunakorukwa, na gundi ikishika ngozi yenye unyevu itaachia kwenye jasho la kwanza. Weka sensa, bonyeza kingo kwa kidole ukizunguka kwa nusu dakika, halafu plasta ya kuongezea juu yake, iliyokatwa tundu katikati ili ishike gundi na ngozi bila kufunika kifaa chenyewe. Zungusha pembe za plasta kwa mkasi. Pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka.

Mafuta ya kukinga jua yaje baadaye, na yasiguse sensa. Ngozi yenye mafuta haishiki gundi, na Dexcom wanaonya kwamba baadhi ya mafuta hayo, pamoja na dawa za kufukuza mbu, yanaweza kupasua plastiki ya kifaa. Mnawishe mikono yake mwenyewe pia: mtoto hujipaka mafuta kisha akashika sensa.

Nyuma ya mkono panafaa, ila sensa ielekee nyuma hasa, isichomoze ubavuni ambako kiti na mlango wa behewa vitaikwaruza. Ikiwa modeli yenu inaruhusu sehemu nyingine, tumboni pana hatari ya chuma cha mapajani, na makalioni utelezi wa maji utaibandua kabla ya saa sita mchana. Soksi laini ya mkono isiyobana juu yake inasaidia. Ikibana, mmeitengeneza upya ile kengele ya uongo. Kuhusu maji yenyewe, Dexcom G6 na G7 huvumilia kina cha mita 2.4 kwa saa 24, Libre mita 1 kwa dakika 30, na klorini haina shida. Ila chini ya maji Bluetooth haipiti, kwa hiyo mtoto aliyezama bwawani hana kengele. Atoke kila baada ya nusu saa simu ipate kumsoma.

Joto linashambulia insulini zaidi kuliko sensa. Iliyofunguliwa kwa kawaida isizidi nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo upesi sana. Akiba iwekwe kwenye mfuko wa kupoza unaoloweshwa maji, lakini mfuko huo hufanya kazi kwa maji kukauka, hivyo ukiufungia ndani ya mkoba usiopitisha hewa haupozi kitu, na penye unyevu mwingi hewani hupoza kidogo. Barafu isiguse kalamu, kwani insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mrija wa pampu upite ndani ya nguo. Kituo cha huduma ya kwanza cha bustani mara nyingi hukubali kuwatunzia insulini kwenye friji; ulizeni mnapoingia, na mjue kilipo kwenye ramani.

Mikoba iwe miwili inayofanana, kwa sababu familia itagawanyika tu, haijalishi mmeapa nini asubuhi. Kila mmoja uwe na glukomita yenye stripi na vichomeo, sukari ya kutibu mara tatu, na glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari mtoto akizimia. Kwa kilo zake, ya sindano ni miligramu 1 nzima (nusu ni ya walio chini ya kilo 25), ya puani ni miligramu 3, na shangazi aonyeshwe kuitumia akiwa ametulia mezani. Mmoja uongezwe sensa ya akiba, seti mbili za kanula na mrija, kalamu ya insulini na sindano zake, na kipimo cha ketoni. Mkipanda ndege, vyote viingie nanyi ndani. Barua ya daktari itaje ugonjwa, vifaa kwa majina, na kwamba mtoto lazima abebe chakula na vinywaji vyake. Hiyo ndiyo itakayowapitisha na juisi pale ambapo chakula cha nje kimekatazwa. Kwenye mashine za ukaguzi, someni kitabu cha modeli yenu kabla. Pampu nyingi na baadhi ya sensa haziruhusiwi kupita kwenye eksirei ya mizigo, na mna haki ya kuomba kukaguliwa kwa mkono.

Kwa siku za bustani, ipandisheni kengele ya chini kutoka 3.9 hadi 4.4 (mg/dL 80), mpate dakika kadhaa za ziada za kutoka kwenye umati. Ya juu nayo ipandisheni, hata 13.9, vinginevyo italia kutwa mpaka mwizoee na mwache kuisikiliza. Mpimeni mnapoingia foleni na tena kwenye kona ya mwisho. Sisi tungependa apande akiwa kati ya 7 na 10. Akiwa chini ya 5.6 na mshale unashuka, atafune kwanza, asubiri zamu inayofuata. Akishuka kwenye mchezo wa kutisha namba inaweza kuruka juu kwa sababu ya homoni za woga. Msikimbilie dozi ya insulini ya kusahihisha. Mpeni kama saa moja, kwa kuwa mara nyingi hushuka yenyewe, na dozi hiyo mtakutana nayo akiwa katikati ya foleni nyingine. Kwa chakula, insulini itolewe sahani ikiwa mkononi, siyo mkiwa bado mnasubiri kuhudumiwa.

Binti asipopenda kuchomwa mbele ya binamu, msifanye siri kubwa ya jambo hilo. Mkiwa nyumbani aamue mwenyewe: awaonyeshe glukomita na awaache watazame akipima, au mkubaliane ishara fulani ili ageukie ukuta na wewe usimame mbele yake. Vyovyote vile asilazimike kutoka kwenye foleni, kwa sababu mtoto akijua kupimwa kunamgharimu zamu, ataanza kuficha dalili.

Usiku ndio unaosahaulika. Mwili uliotembea kutwa huendelea kujaza akiba yake ya sukari misulini, na kushuka kunaweza kuja muda wa saa 7 hadi 11 baadaye, mtoto akiwa usingizini. Simu yake ilale kwenye chaja chumba kimoja naye, sauti juu, na kengele ya chini ibaki 4.4. Asilalie mkono wenye sensa. Mtu mmoja aamke saa tisa usiku kutazama. Madaktari wengi hupunguza insulini ya usiku baada ya siku kama hiyo, mara nyingi kwa asilimia 20 hivi, na baadhi ya pampu zina mpangilio wa mazoezi unaofanya kazi inayofanana na hiyo. Punguzo hilo lipateni kwa daktari wake kabla ya kuondoka, na aliandike kwa namba, kwa sababu "mpunguzie kidogo" haina maana yoyote kwa shangazi aliye kwenye zamu saa tisa usiku.